Donge la Mama

Nyumba ya kaka yangu haikuwa na hata kipande kimoja cha mshumaa uliotumika, na jambo hilo lilimkosesha wifi yangu usingizi.

Nyuma ya jiko kuna jenereta. Umeme ukikatika, inanguruma yenyewe kabla hujamaliza kusema umekatika. Mshumaa uliokuwemo ndani ni mmoja tu, mnene, wenye umbo la ua, juu ya meza ya sebuleni. Kazi yake ilikuwa kufutwa vumbi, na mfutaji ni mimi. Moto haujawahi kuuonja.

Sasa Mwalimu wa Pumzi alikuwa anakuja. Huyu ni mwanamke anayefundisha watu kuvuta pumzi na kuitoa, kazi ambayo hata mbuzi anaiweza bila kufundishwa. Wifi alikutana naye kwenye semina fulani akarudi nyumbani anaongea polepole kama mtu anayemlisha mgonjwa. Safari hii somo lilikuwa jipya: wanawake wakusanyike, wayeyushe mabaki ya mishumaa yao, wamimine mishumaa mipya na huku wanatafakari maisha. Tangazo lilisambazwa kwenye simu. Lilisema kila mmoja aje na mabaki yake mwenyewe, "yaliyoshuhudia giza lako".

Giza lenyewe hawalijui hata kwa jina.

Wifi alinikuta kwenye kibaraza cha nyuma. Mkononi ana pakiti za mishumaa, bado ziko kwenye nailoni yake.

"Wewe," akasema. Tukiwa wawili mimi ni "wewe". Wageni wakiwepo nageuka kuwa "wifi", na hapo ndipo najua kuna kazi. "Hii uiwashe yote."

"Mchana huu?"

"Nataka mabaki. Bila kuiwasha mabaki yatatoka wapi?"

"Ikifika wapi niizime?"

Akafikiri. Akaushika mshumaa mmoja akaugeuzageuza kama anayechagua nyanya.

"Ikionekana imeteseka kidogo," akasema.

Basi nikaipanga mishumaa mipya sakafuni, jua limesimama utosini, nikaiwasha. Ndege wakishuka kuangalia, naona haya kwa niaba ya ukoo wetu. Mishumaa ilikuwa inayeyuka haraka kwa jua na upepo, na mingine iliinama yenyewe kana kwamba nayo imeelewa upuuzi huo. Wifi alikuja mara mbili tatu kuikagua. Mmoja aliukataa. Alisema umekaa vizuri mno, hauonyeshi kuwa umepitia kitu.

Kibaraza hicho ndipo mahali pangu pa kazi. Mimi ni fundi viatu, kama alivyokuwa mama. Mama alikuwa anafanyia kazi mbele ya nyumba yake, watu wakipita wanamsalimia na wengine wanavua kiatu palepale wakisimama kwa mguu mmoja. Alipofariki, kaka alinichukua nikae kwake. Wifi alikubali niendelee na ufundi, ila nyuma, karibu na jenereta, ili wageni wasikaribishwe na viatu vya watu wasiowajua. Wateja wangu huzunguka kupitia ubavuni mwa ukuta kama wezi.

Nilihamia na sanduku la mama. Ndani mna nyundo, chuma cha kugongea, sindano zake kubwa, visu, kikopo cha rangi ya viatu, na donge.

Donge ni nta. Uzi wa viatu usipopitishwa kwenye nta unaota manyoya na kukatika, na maji yanaupenya mvua ya kwanza. Majirani walikuwa wanamletea mama vipande vya mishumaa vilivyobaki. Yeye aliviita visigino, kwa sababu mshumaa umekwisha mwili wote umebaki hapo tu, kama kiatu cha mzee. "Nimekuletea visigino, mama," watoto wa jirani wanasema, naye anavitia kwenye kopo la samaki, anaviyeyusha, anaongeza kwenye donge lake. Lilikuwa na ukubwa wa ngumi. Nyuzi alizovuta juu yake miaka yote zilikuwa zimelichimba mifereji inayopishana, na upande mmoja palikuwa na kishimo ambamo kidole gumba chake kilikuwa kinakaa. Changu kilikuwa kinaingia hapo sawasawa.

Mama hakuacha picha inayofanana naye. Kila akipigwa picha alikuwa anafumba macho. Kwa hiyo mimi nikitaka kumkumbuka sikuwa naangalia picha, nilikuwa naweka kidole pale. Nilikuwa na kitu hicho kimoja, na sikumwambia mtu, maana mtu mwenyewe wa kumwambia ni nani.

Siku ya somo walikuja wamependeza. Mke wa daktari wa meno alishika mkoba wa ngozi ulioshonwa vibaya pembeni, nikauona tangu mlangoni. Mwenye duka la mapazia alifuata, akaangalia mapazia ya wifi kwanza kabla hajamwangalia wifi. Wengine walikuwepo pia, lakini hao wawili ndio walioongea, wengine walikuwa wa kuitikia.

Mwalimu wa Pumzi aliingia mwisho. Akavua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia, akaishika mikono ya kila mmoja na kuwaangalia machoni muda mrefu hadi wale wenye aibu wakakohoa. Aliponifikia mimi nilikuwa nimebeba sufuria, hakupata mkono.

"Na huyu dada?" akauliza.

"Huyu anatusaidia," wifi akasema.

Ni kweli nilikuwa nasaidia. Ulimi wangu mbele ya watu huwa unalala kama mbwa aliyeshiba, hata ukimpiga teke hanyanyuki.

Walikaa kwenye mazulia, wakavuta pumzi, wakaitoa. Kisha kila mmoja akatoa mabaki yake kwenye mfuko na kuyaweka katikati. Nikaangalia. Hakuna hata kipande kimoja chenye vumbi. Vyote vilikuwa vyeupe, vimekatika kwa urefu mmoja, na cha mke wa daktari wa meno kilikuwa bado na karatasi ya bei chini yake.

"Kila mmoja aeleze mshumaa wake ulishuhudia nini," Mwalimu akasema.

Mwenye duka la mapazia akafumba macho. Akasema mshumaa wake ulishuhudia upweke. Msaidizi wake wa kazi aliondoka bila kuaga, ikambidi apike mwenyewe wiki mbili.

"Pole," wakaitikia.

"Nilijiona sina thamani," akasema, na chozi likamtoka, la kweli kabisa. Nilishangaa jinsi chozi halichagui sababu.

Mke wa daktari wa meno akasema wake ulishuhudia kipindi ambacho mumewe alibadilisha rangi ya sebule bila kumshauri. Hapo Mwalimu akamshika bega. Nilikuwa kwenye jiko dogo la gesi walilolileta sebuleni, nakoroga nta ndani ya sufuria iliyowekwa juu ya sufuria ya maji. Kukoroga hawakutaka, walisema moshi unaingia kwenye nywele. Kwa hiyo wao walitafakari, mimi nikafanya.

"Dada, maji yanapungua," Mwalimu akaniambia kwa ile sauti ya hospitalini.

Nikaenda jikoni kuchota maji. Yeye naye akanyanyuka, akauliza choo kiko wapi, akaelekezwa nyuma. Sikuwaza kitu. Watu huenda choo.

Niliporudi na birika, walikuwa wamesogeleana kama watoto waliokamata panzi. Donge la mama lilikuwa linapita mkono kwa mkono.

"Nimelikuta kule nyuma," Mwalimu alikuwa anaeleza. "Kwenye kisanduku. Nilikuwa napita tu, likaniita."

Halikumwita. Kile kisanduku nakifunika kwa gunia, na gunia nalifunga.

"Jamani oneni mifereji hii," akasema mwenye duka la mapazia. "Kama machozi yaliyopita sehemu moja miaka na miaka."

"Hii ndiyo nta ya kweli," Mwalimu akasema. "Hii imeishi."

Wifi akanigeukia. Uso wake ulikuwa umejaa tabasamu la wageni.

"Ni ya wifi yangu huyu," akasema. Nikapandishwa cheo hapohapo, kutoka msaidizi hadi ndugu. Mke wa daktari wa meno akanitazama upya, akashusha macho hadi kwenye kandambili zangu, akayapandisha tena.

"Mdogo wangu," Mwalimu akaniambia, "hiki unakiitaje?"

Wote wakaninyamazia. Hicho ndicho ninachokiogopa kuliko mbwa.

"Donge," nikasema.

Wakavuta pumzi kwa pamoja, na safari hii hawakuambiwa.

"Mmesikia?" Mwalimu akasema. "Donge. Mtoto wa watu ametembea na donge lake mpaka amelishika mkononi. Na mifereji hii, mdogo wangu, imetokana na nini?"

"Uzi."

"Uzi," akarudia taratibu. "Uzi wa maisha."

"Wa viatu," nikasema.

Nadhani hakusikia. Au alisikia akaona hakimfai. Alikuwa ameshaanza kuwaambia wenzake kwamba sote tunatembea, sote tuna safari, na kiatu ni nini kama si safari. Mwenye duka la mapazia akaandika neno hilo kwenye simu.

Kisha Mwalimu akaliinua donge juu ya sufuria.

"Uko tayari kuliachia?"

Nikatikisa kichwa. Nilikitikisa kwenda kulia na kushoto, kama mtu yeyote anayekataa. Nikasema na mdomo pia, "Hapana, naomba nirudishiwe," lakini jiko la gesi lilikuwa linavuma na sauti yangu haikufika hata puani.

Wifi aliisikia. Alikuwa karibu yangu. Akaniinamia sikioni, tabasamu bado liko palepale.

"Usiniaibishe mbele ya watu. Ni nta tu, nitakununulia nyingine."

"Anaogopa," Mwalimu akawaambia wengine. "Hofu ni mlango." Akafungua vidole.

Lilidumbukia bila kishindo. Nikaliona likielea, upande wa kishimo uko juu. Nikanyoosha mkono, na mvuke ukaniunguza kifundo. Wifi akanivuta nyuma kwa kiuno cha gauni. Kile kishimo kikalainika kingo, kikawa kipana, kikawa bapa, kikawa hakipo.

Nikarudi kukoroga. Kulikuwa na kazi gani nyingine?

Basi wakaendelea. Mwalimu akatia mafuta ya waridi, karibu chupa nzima, na wifi akatia rangi ya pinki waliyokuwa wamekubaliana tangu mwanzo. Walishapanga glasi zao za miguu mirefu, kila moja na utambi umesimamishwa kwa kijiti. Wakafumba macho wakasubiri pinki.

Mimi nilijua. Donge lile lilikuwa limekunywa rangi nyeusi ya viatu kutoka kwenye vidole vya mama, na vumbi la ngozi, na manyoya ya nyuzi, na gundi, na jasho. Niliyajua hayo yote nikiwa nakoroga. Ningeweza kusema. Lakini si walikuwa wanatafakari.

Nta ikageuka rangi ya maji ya kudekia. Kisha harufu ikafika. Kwanza waridi, halafu nyuma ya waridi, polepole, kama mgeni asiyealikwa, ikaja harufu ya soli.

Mke wa daktari wa meno ndiye aliyefumbua macho wa kwanza.

"Ni nini hicho?"

"Msihukumu," Mwalimu akasema. "Pumueni."

"Ndiyo tunapumua," akasema yule. "Hilo ndilo tatizo."

Wakamimina hivyohivyo, kwa kuwa Mwalimu alisisitiza. Glasi za miguu mirefu zikajaa kitu cha kijivu chenye nyuzi nyuzi ndani, mfano wa masharubu ya panya aliyezama. Mwalimu akasema hiki ni kivuli chetu, tukipende.

"Kipende wewe," mwenye duka la mapazia akasema chini kwa chini. "Kinanuka soksi za shemeji yangu."

Mmoja akacheka puani, na tafakari ikaishia hapo. Hakuna aliyebeba glasi yake. Mke wa daktari wa meno alikumbuka ana miadi, mwenye mapazia akakumbuka miadi ileile. Mwalimu alivaa viatu vyake akawaambia kwamba wengine hukimbia wanapokaribia ukweli, naye pia akakimbia.

Mlango ulipofungwa, tabasamu la wifi lilidondoka kama pazia lililokatika kamba.

"Ulijua," akasema.

Nikaanza kukusanya vikombe.

"Nakuuliza wewe. Ulijua ile takataka yako itaharibu, ukakaa kimya. Umenidhalilisha mbele ya wenzangu. Nimekuweka kwangu, unakula kwangu, kumbe muda wote huo una donge na mimi."

Nikasimama na vikombe mkononi. Tulikuwa wawili tu, kwa hiyo ulimi wangu ulinyanyuka.

"Nilikuwa nalo, wifi," nikasema. "Mmeliyeyusha."

Alifungua mdomo. Nilimwona anatafuta jibu mle sebuleni, akaangalia zulia, akaangalia jiko, akaliangalia ua la mshumaa pale mezani.

"Tupa uchafu wote huo," akasema. "Na glasi usizirudishe kabatini, sizitaki." Akaenda chumbani kumpigia kaka simu. Nilisikia upande wake tu. Halafu nikaletewa simu, na kaka, ambaye hushinda porini anapima mashamba ya watu na hujui atarudi lini, akaniambia, "Mdogo wangu, ni nta tu, msigombane."

Alikuwa ametoka tumbo lilelile. Alivaa viatu vilivyoshonwa kwa nta hiyo mpaka akamaliza shule. Nikamwambia, "Haya, kaka."

Nikazipeleka glasi zote kibarazani. Nikazisimamisha kwenye beseni la maji ya moto moja baada ya nyingine mpaka ile nta ikaachia, nikang'oa tambi, nikaikusanya yote pamoja na iliyoganda kwenye sufuria na mwiko. Hata yale matone yaliyoangukia zulia niliyabandua kwa kisu cha ngozi. Kopo la samaki halikutosha. Nikayeyushia kwenye bakuli la zamani na kuiacha ipoe.

Mama alikuwa mle. Ila alikuwa amekaa na watu ambao asingewaketisha hata kwenye kigoda chake: upweke wa mwenye mapazia, rangi ya sebule ya daktari wa meno, mishumaa mipya ya wifi iliyoteswa juani. Singeweza kumtenganisha nao. Nilichoweza ni kuhakikisha hakibaki nje hata kipande, na nilihakikisha.

Donge lilipotoka kwenye bakuli lilikuwa na ukubwa wa kichwa cha mtoto. Laini pande zote, halina mfereji, halina kishimo, na linanukia waridi kama bibi harusi. Nilikata sehemu inayoenea mkononi, iliyobaki nikaifunga kwenye gunia.

Kesho yake mwashi mmoja alikuja kuchukua buti lake, nililolishona kwa uzi uliopakwa makombo ya nta hiyo. Akalinusa.

"Fundi, umelipeleka wapi buti langu?"

"Lilikuwa hapahapa."

"Linanukia kuliko mke wangu," akasema. "Nitaeleza nini nyumbani?"

Mara wifi akatokea mlangoni. Mwashi akaaga kwa adabu, akapita ubavuni mwa ukuta na buti lake lenye matatizo ya ndoa. Wifi alikuwa ameshika simu, na uso wake ulikuwa ule wa wageni, ingawa mgeni hayupo.

"Wifi yangu," akasema.

Nikajua kuna kazi.

"Ile mishumaa ya kijivu uliitupa?"

Sehemu niliyoikata ilikuwa pajani mwangu. Nikaiwekea kiatu juu.

"Si uliniambia nitupe?"

Akauma mdomo. Kumbe Mwalimu alikuwa amesambaza picha. Alikuwa ameandika kwamba kivuli ndicho hatua ya juu kabisa, na wachache sana hukifikia siku ya kwanza. Sasa mke wa daktari wa meno anaitaka glasi yake. Mwenye mapazia ameshawaambia watu kwamba yeye ndiye aliyekitambua kile kivuli kwanza. Na kuna wengine, ambao hata hawakuwepo, wanauliza somo la kivuli ni lini.

"Yote umeitupa? Hata kipande hakikubaki?"

"Yote."

Akaangalia sanduku la mama kwa hamu ambayo sikuwahi kuiona machoni mwake, akavuka nyundo, akavuka sindano, akafika kwenye kikopo cha rangi ya viatu.

"Hiyo nyeusi," akasema, "ikichanganywa na nta inakubali?"

"Inakubali."

"Na vile vinyuzi?"

"Vinyuzi vipo, wifi. Vimejaa hapa chini."

Akaingia ndani. Akarudi na pakiti mpya za mishumaa, bado ziko kwenye nailoni yake, akaziweka miguuni pangu.

"Iteseke sana safari hii," akasema.

Nikaipanga sakafuni, jua likiwa kali, nikaiwasha yote. Kisha nikaketi katikati yake, nikakiondoa kiatu pajani, nikachukua uzi mpya. Nikautandaza juu ya donge, nikaubana kwa kidole gumba, nikauvuta mpaka mwisho. Ukaacha mstari mmoja, umepinda. Nikauvuta tena palepale.